Mwalimu Marhoun na Mwaka Asioujua

Bismillahi Rahmani Rahim. Wazee wangu, majirani na jamaa mliojaa katika sabla hii, ukumbi wa mji wetu wa Ibra hapa Oman, leo siku ya tatu ya msiba wetu, na mama zetu na dada zetu mnaosikiliza kwa kipaza sauti kutoka nyumba ya pili, asalaam alaykum. Mimi ni Nadhir bin Abdullatif, mpwa wa marehemu, na nimesimama kwa niaba ya ukoo kukusomeeni maisha ya mjomba wangu, Mwalimu Marhoun bin Thuwaini, ambaye tulimzika juzi Jumatano alasiri.

Najua kusoma historia ya maiti si desturi ya mji huu, na wapo wanaojiuliza tumeitoa wapi. Marehemu aliiona bara, alipohudhuria mazishi ya mwalimu mwenziwe huko Morogoro, akapendezwa kuona mtu anaagwa kwa mambo aliyoyafanya na mahali alipoyafanyia, basi akatuusia na yeye asomewe, kwa masharti mawili, kwamba isizidi robo saa, na kwamba, kwa maneno yake mwenyewe, "msinizidishie sifa wala miaka." Sharti hilo la pili lina kisa chake, nacho ndicho hasa nitakachokuelezeni.

Marehemu alizaliwa Bumbwini, kaskazini ya Unguja, akiwa wa mwisho katika watoto wa mzee Thuwaini, ambaye baba yake, yaani babu wa marehemu, aliondoka hapa Ibra akiwa kijana na kwenda Unguja kulima minazi. Desturi ya historia kama hii ni kutaja hapo hapo siku na mwaka wa kuzaliwa, lakini naomba mnivumilie, tutafika. Kaka yake mkubwa alikuwa Sleyum, na dada yake ni Bi Wadha, mama yangu mzazi, ambaye alichukuliwa na shangazi yake Pemba angali hajaota meno, akalelewa huko, na aliporudi Bumbwini mama yao alikuwa amekwisha kufariki, akamkuta Marhoun anakimbiza kuku uani.

Marehemu alisoma Kurani chuoni Bumbwini hadi akahitimu, akatiwa skuli mwezi wa Januari 1932, akamaliza masomo yake mjini Unguja, kisha akaingia mafunzo ya ualimu mwaka 1941 na kuyamaliza mwishoni mwa 1943. Alianza kazi Januari 1944, na kwa miaka ishirini alifundisha skuli za Unguja, shamba na mjini, na mimi ni mmoja wa waliokaa mbele yake, na nashuhudia kwamba hakuwahi kumpiga mtoto kwa kutojua, ila alikuwa mkali sana kwa mtoto aliyejitia anajua.

Tarehe 9 Septemba 1950 alifunga ndoa na Bi Ghalia binti Khelef, Malindi, mjini Unguja, na Mwenyezi Mungu akawajaalia watoto watatu, Aliya, Yaarub na Kaltham, ambao wote wapo hapa leo. Bi Ghalia aliniambia jana niandike kwamba katika miaka thelathini na saba ya ndoa yao mumewe hakuwahi kumwambia chakula kibaya, akaongeza, "Na andika kuwa hakuwahi kusema kizuri pia, alikuwa anakula huku anasoma."

Mwaka 1964 mambo ya Unguja yalibadilika, kama wengi wenu mnavyojua kuliko nitakavyoweza kueleza, na mwaka uliofuata marehemu aliondoka na familia yake kwenda bara, akapata kazi Januari 1966 katika skuli moja ya misheni milimani Morogoro. Alitarajia kufundisha hesabu, lakini mwalimu wa historia alikuwa amehama, na padre aliyekuwa mkuu wa skuli akampa kitabu kinene akamwomba afundishe dunia ya Warumi, yaani dola iliyotawala wakati Nabii Isa alipozaliwa, na jinsi wafuasi wake wa mwanzo walivyoishi chini ya dola hiyo. Siku ya kwanza kijana mmoja alinyosha mkono akauliza, "Mwalimu, wewe Muislamu ndiye utakayetufundisha habari za Bwana Yesu?" na marehemu akajibu, "La, mwanangu, mimi nitakufundisheni habari za Warumi. Habari za Isa nakuachieni yenu, na mimi nibakie na yangu, na Warumi tugawane." Darasa likacheka, na tangu siku hiyo hakukuwa na tatizo.

Alilipenda somo lile kupita kiasi, na alilifundisha kwa vitu ambavyo watoto walivijua. Kwa kueleza Kiyunani alisema kwamba katika nchi za mashariki za dola ile kilikuwa kama Kiswahili chetu, mtu hutoka nacho pwani akafika nacho Kongo akaeleweka, na kwa hiyo habari iliyoandikwa kwa lugha hiyo haikukwama njiani. Kwa kueleza barabara za Warumi alisema zilijengwa kwa ajili ya askari, lakini waliozitumia vizuri zaidi walikuwa wahubiri wenye viatu vilivyokwisha nyayo, "kwa sababu barabara haiulizi nani anaipita." Na kwa kueleza kwa nini dola kubwa kama ile iliwaogopa watu wachache waliokusanyika majumbani kwao, alisema habari ya ubani, nami naomba muishike, kwa sababu itarudi. Alisema kwamba baadhi ya magavana, mtu aliposhitakiwa kuwa ni mfuasi wa Isa, walimweka mbele ya sanamu ya Kaisari na kumwambia atupe chembe ya ubani motoni na kutamka maneno kidogo, akifanya hivyo aende zake nyumbani kwa watoto wake, na wapo waliokataa wakafa. Watoto waliuliza, "Kwa chembe ya ubani tu, Mwalimu?" naye akawajibu kwamba ubani ulikuwa mdogo, bali kilichotakiwa ni mtu aseme asilolijua moyoni mwake.

Swali jingine aliloulizwa huko ni mwaka hasa aliozaliwa Nabii Isa. Aliwaeleza kwamba Injili moja inasema alizaliwa zama za mfalme Herode, na nyingine inataja pia hesabu ya watu iliyoamriwa na Kaisari Augusto wakati wa gavana mmoja wa Shamu, kila mtu arudi mji wa wazee wake akaandikwe, lakini kwa wanazuoni wengi wa historia, hesabu inayojulikana ya gavana aliyetajwa ilifanyika kiasi cha miaka kumi baada ya Herode kufariki, basi alama mbili hizi hazikutani vizuri, na wataalamu wamebishana mpaka leo. Kisha akageuka akaandika ubaoni kwa herufi kubwa, HATUJUI, akawaambia walinakili kwenye madaftari yao kama walivyonakili mengine. Padre alipolisikia hilo, hakukasirika, alimwambia, "Umewafundisha neno ambalo mimi nimelipata nikiwa na miaka hamsini."

Mwezi wa Machi 1974 kaka yake Sleyum, aliyetangulia Oman, alimwita, akaja na familia yake, na mwezi uliofuata wakafika hapa Ibra kuandikishwa. Wengi wenu mnajua jinsi ilivyokuwa siku zile, sisi tuliotoka Afrika kila mmoja alirudi mji wa babu yake, akakaa mbele ya sheikh na wazee, akautaja ukoo wake, wazee wakamtambua, ndipo akapata karatasi. Marehemu alicheka baadaye akasema, "Nimefundisha ile hesabu ya Augusto miaka minane, na sikuifahamu mpaka nilipokaa chini ya ukuta Ibra nikingoja zamu yangu."

Zamu ilipofika, alisimama mzee mmoja wa hapa, Mungu amrehemu, aliyewahi kufanya biashara Unguja, akasema kwamba alimjua babu yao, na kabla babu hajafa alimwona Bumbwini amepakata wajukuu wawili wa kiume. Wazee wakafurahi sana kwa ushahidi huo. Sleyum akajipiga kifuani akasema, "Mmoja mimi, na wa pili ni huyu mdogo wangu." Babu alifariki mwaka 1924, basi karani akahesabu akaandika kwamba Marhoun alizaliwa tarehe mosi Januari 1922. Marehemu alikumbuka mama yao akisema kinyume chake, kwamba Marhoun hakumwona babu yake, na kwamba mjukuu wa pili alikuwa ndugu yao Muslim aliyekufa mdogo, na kwa hesabu hiyo angekuwa amezaliwa 1925. Lakini kwetu mdogo hamkosoi kaka yake mbele ya masheikh, hasa siku ambayo kaka anautetea ukoo, basi alinyamaza, akachukua karatasi, akashukuru. Sleyum hakusema uongo, alisema alichoamini, na yeye mwenyewe alikuwa mtoto. Huo ndio mwaka ulioandikwa, naye hakuujua kuwa ni wa kweli wala kuwa si wa kweli.

Marehemu alifundisha Kiingereza Nizwa tangu Septemba 1974 hadi Juni 1977, akahamishiwa hapa Ibra, ambako alipata mwenzake na rafiki yake wa mwisho, Ustadh Marzouq, mkuu wa skuli. Mchana alifundisha Kiingereza, na alasiri ya Ijumaa, katika baraza ya nyumba yake, aliwafundisha kwa Kiswahili watoto wetu na sisi watu wazima habari za Warumi, kwa sababu alisema Kurani inawataja Warumi na haifai watu waisome Surat Rum bila ya kujua Warumi walikuwa nani. Siku moja alitutoa wote akatupeleka kwenye falaj, mfereji wa maji wa mji, akatuonyesha maji yanavyopita juu ya ukuta kuvuka bonde, akasema Warumi nao walifanya hivyo kwa mawe na matao, na mzee mmoja akamwambia, "Basi walijifunza kwetu," naye akajibu kwa upole, "Huenda, au sisi kwao, au kila mmoja na kiu yake. Hatujui."

Mwezi wa Septemba 1981 lilianza darasa la kwanza la sekondari la vijana ishirini na watatu, ambao alikuwa amewafundisha tangu walipokuwa hawajui kusema jina lao kwa Kiingereza, na siku hiyo, kwa furaha, aliwaambia, "Tumeingia pamoja, na tutatoka pamoja." Alikuwa amesahau karatasi yake. Mwezi wa Novemba ikaja barua kwamba, kwa mujibu wa mwaka wake wa kuzaliwa, angetimiza miaka sitini tarehe mosi Januari 1982 na kustaafu siku hiyo. Kama angekuwa amezaliwa 1925, angepata miaka mitatu zaidi, nayo sekondari ni miaka mitatu. Yaani baina ya mwaka ule na huu ilikuwapo ahadi yake kwa vijana wale.

Ustadh Marzouq alikwenda akauliza, akarudi na habari njema kwamba kadhi anaweza kuusahihisha mwaka iwapo ndugu mkubwa ataapa. Sleyum alikuwa amefariki mwaka 1979, aliyebaki ni mama yangu, akiishi Sur. Nilikwenda mimi kumchukua kwa gari, asubuhi ya Jumamosi tarehe 12 Disemba 1981, na njia nzima mama alikuwa akijizoeza, "Wallahi nimemsikia mama yangu kwa masikio yangu akisema Marhoun hakumwona babu yake," tena na tena, mpaka tulipopita Al Kamil nami nikawa nimeyahifadhi.

Marehemu alitungojea mlangoni kwa kadhi amevaa kanzu yake mpya, akamwamkia dada yake, "Shikamoo, dada," naye akaitikia "Marahaba" huku anajishika mgongo. Tulikuwa tumekwisha kuitwa tuingie, marehemu akamshika mkono akamuuliza kwa ile sauti yake ya darasani, "Dada, neno hili la mama, ulilisikia mwenyewe, au ulisikia kwangu?" Mama akasema, "Nimelisikia." Akamuuliza, "Wapi? Wewe ulikuwa Pemba." Mama akasema, "Marhoun, kwa ajili yako nitaapa hata nimeliona kwa macho." Akamwambia, "Ndiyo maana nakuuliza nje, kabla hujaingia. Hiyo ni chembe ya ubani, dada yangu."

Mama, ambaye alikisikia kisa hicho barazani mara nyingi, alipandwa na hasira. "Mimi na Warumi wako!" alisema, na watu wote waliokuwa wakingoja waligeuka. "Umenitoa Sur alfajiri, mgongo umekatika vipande viwili, hata chai sijanywa, halafu unanisomea ubani! Na vijana wako je? Na Ghalia akae na wewe nyumbani mchana kutwa, umtie wazimu?" Marehemu alisema, "Vijana nimewafundisha waseme hatujui. Sasa niwafundishe kwamba walisema hivyo kwa Nabii Isa tu, lakini kwa mshahara wa mwalimu wao tunajua?" Akaingia peke yake, akamwomba radhi kadhi kwa kumpotezea wakati, akatoka, akatupeleka nyumbani kwa chai. Mama hakusema naye mpaka magharibi, na aliposema, alisema, "Kichwa kama cha babu yako," naye akamjibu, "Wala sijui kama nilimwona."

Siku ya Jumatano tarehe 30 Disemba 1981 aliingia darasani mara ya mwisho kwa hesabu ya karatasi ya serikali. Aliwaambia vijana kwamba alitoa ahadi bila ya kuangalia karatasi yake, kwamba kosa ni lake si lao, na kwamba iwapo wanataka, ahadi ile ina mlango wa pili. Kuanzia Jumamosi iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, vijana wale walikuja nyumbani kwake siku nne kila wiki, wakakaa kwenye mikeka ya Bi Ghalia, kwa miaka miwili na nusu, bila ya malipo, na mwezi wa Juni 1984, siku walipomaliza, Ustadh Marzouq alimtumia gari, akaja akakaa nao benchi la nyuma, wakatoka pamoja. Wengi wao wamekaa hapa mbele yangu, mabega mapana na ndevu, na juzi ndio waliobeba jeneza wakakataa kupokewa.

Katika miaka yake ya mwisho aliandika kwa Kiswahili madaftari saba juu ya dunia ya Warumi, kwa ajili ya wajukuu ambao Kiswahili chao, alisema kwa huzuni bila ya kuwalaumu, kinapungua kama sabuni. Madaftari hayo anayo binti yake Aliya, na ukifungua la pili utakuta ukurasa wa kuzaliwa kwa Nabii Isa, upande mmoja ameandika Herode, upande wa pili ameandika hesabu ya gavana, na chini ameacha mistari sita mitupu kwa atakayekuja kujua.

Maradhi ya sukari yalianza kumsumbua mwaka 1985, figo zikafuata mwaka 1986, akatibiwa hapa Ibra na mara mbili Maskati. Hata katika udhaifu wake hakuacha mzaha, muuguzi alipomuuliza umri alijibu, "Sitini na tano kwa serikali, sitini na mbili kwa mama yangu, chagua unayemwogopa zaidi." Alfajiri ya Jumatano tarehe 11 Novemba 1987, sawa na mwezi wa Mfunguo Sita 1408, hali yake ilibadilika, akaomba maji, akatamka shahada, na saa moja u nusu asubuhi akarejea kwa Mola wake. Siku hii tunaijua, tulikuwapo, na tunaweza kuiapia.

Kwa niaba ya ukoo nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, majirani ambao tangu Jumatano hawajaturuhusu kuwasha jiko, walimu wenziwe na Ustadh Marzouq, vijana wa darasa lile ishirini na watatu, waliotoka Nizwa na waliotoka Sur, na kila aliyemwaga konzi ya mchanga juu yake. Kama mjomba alimkosea mtu, tunamwombea radhi, na kama yupo aliyemkosea yeye, Bi Ghalia anasema alikwisha kusamehe na huenda alisahau.

Limebaki lile nililoliahirisha. Jana nilipokuwa naandika karatasi hii nilimwendea mama nikamuuliza, kwenye mstari wa kuzaliwa nisome 1922 au nisome 1925. Alikuwa amekaa na tasbihi, hakuinua uso. Akasema, "Soma kwamba alikuwa mdogo wangu. Hilo ndilo ninaloweza kuapa." Nami nimelisoma.

Kaburi tulilomlaza ni kama makaburi yote ya wazee wetu hapa, mawe mawili yasiyo na maandishi, bila ya jina wala tarehe, na maswali atakayoulizwa humo tunayajua sote tangu chuoni, na la mwaka halimo. Lala salama, mjomba, umefika mahali ambapo hakuna karani.